Boila Ilimukataa Mama Yangu

Muniweke popote, lakini musiniambie nikae. Ule mwezi wa saba wa mwaka nilipomuzaa binti yangu wa kwanza, wote waliniambia neno hilo hilo: kaa. Usifagie, usishike maji ya baridi, usisimame penye upepo, usiiname. Kaa! Minye ambaye nilizoea kuzunguka na vitenge vya kuuza kuanzia asubuhi mpaka miguu ivimbe, nilifungiwa mu nyumba yetu ya Panda, hapa Likasi, kama kuku anayelalia mayai. Nilikuwa nahesabu nyufa za dari. Nikimaliza nyufa nakasirika, nikimaliza kukasirika nalia, kiisha naanza tena na nyufa.

Na kilichonifanya nivumilie ni kimoja tu: mutoto alizaliwa mudogo. Alifika kabla ya wakati wake, mikono myembamba, ngozi inamuzidi mwili, na baridi ya ule mwezi Likasi haina huruma. Muganga wa zamu aliyemupima alituambia maneno machache: mumushike na joto, anyonye, tutaona. Lile "tutaona" lilinikaa mu kifua. Kila nilipolala niliamka kuangalia kama bado iko na pumzi.

Ndiyo mama yangu akaja kutoka Kakanda, na mufuko wa majani makavu na fungu la vitenge vikuukuu. Alikuja kunikanda. Kwetu mwanamke akizaa, mama yake anachemsha maji, anachovya kitambaa, anakibandika kwenye tumbo, kwenye mugongo, kwenye viuno, maji yakiwa moto mpaka unatukana watu wasiokuwepo. Asiyepiga kelele hakukandwa. "Damu ya zamani itoke," mama alisema, "na tumbo irudi pa fasi yake." Mutoto naye angeoga mule mule mu bafu, ndani ya beseni, ndani ya ule mvuke, ili asionje baridi hata kidogo.

Mama alipokuja, bukwe ilikuja naye. Niseme wazi kwa asiyeijua: mwanaume na mama wa muke wake wanaogopana kwa heshima. Hawaangaliani usoni, hawali pamoja, hawapishani mu njia nyembamba. Sasa nyumba yetu ni ya zamani, ya kambi ya wafanyakazi, na korido yake ni moja, ya upana wa muntu na nusu. Mume wangu alianza kukohoa tangu kwenye geti. Mama akisikia kikohozi anashika kitenge chake, anatokea mulango wa jikoni, anaenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka mukwe apite. Na mazungumzo yao yote yalipita kwangu.

"Ambia bwana yako merci kwa samaki," mama anasema kutoka jikoni.

"Ambia mama hakuna matata," mume wangu anajibu kutoka chumba cha mbele.

"Lakini munasikilizana!" napiga kelele kitandani. "Masikio yenu iko mizima, wote wawili!"

"Umuambie pia samaki ilikuwa nono," mama anaongeza.

Boila ya kupasha maji moto aliileta mume wangu mwenyewe kabla sijazaa. Ile ya zamani ya umeme ilikufa miaka mingi, na hata ingekuwa muzima, kura, ule umeme, inakuja na kuondoka inavyotaka. Yeye ni mekanisie, fundi wa mashini za kiwanda, ku usine ya Shituru, mikono yake haipendi kitu kilichoharibika. Kitu alichokataa kabisa ni mbabula, jiko la makaa, ndani ya nyumba. Kila majira ya baridi tunasikia mu kartie fulani watu walilala na mbabula ya makala ndani, mulango umefungwa, hawakuamka. "Makala haiingie umu," alisema. Hapo mama alikubaliana naye, kupitia kwangu, akaongeza kwamba yeye mwenyewe alishalia matanga ya namna hiyo.

Kwa hiyo akatundika boila ya gazi mu bafu: sanduku jeupe kwenye ukuta, chupa ya gazi inje, mupira unaopita kwenye tundu. Aliiweka chini ya klostra, yale matofali yenye matundu karibu na dari. Unafungua robine, inalia tak-tak-tak, moto wa bluu unashika nyuma ya kioo kidogo, maji yanakuja ya moto. Hakuna moshi, hakuna majivu. Siku aliponionyesha nilishangilia, tumbo likiwa mbele yangu.

Siku ya kwanza ya kukandwa, mama alifanya kwanza kazi yake. Alipanda juu ya kiti, akaviringisha vitenge vyake vikuukuu, akavisokomeza mu kila tundu la klostra. Kingine akakibana chini ya mulango. Mwanamke aliyezaa mwili wake uko wazi, upepo ukimuingia unamuharibu, na utosi wa mutoto bado laini. Hilo kila mama wa huku analijua, haliombi maelezo. Kiisha akafungua robine. Tak-tak-tak. Maji ya moto. Mama akacheka, akaniambia mukwe wake iko na akili.

Tulifika katikati. Tak, ikazimika. Maji yakawa baridi kwenye mugongo wangu, niliruka mpaka karibu nimuangushe mama.

"Yaba! Kile kintu ya bwana yako inazimika!"

Aliiwasha tena. Ikashika kidogo, ikazimika upesi kuliko mara ya kwanza. Tulimaliza na sufuria ya maji iliyochemshwa inje, kwenye mbabula ya uani, mama akikimbia nayo na kunung'unika. Mutoto hakuoga siku hiyo. Nilimufunga kwenye kifua changu, ngozi kwa ngozi, nikitetemeka kwa hasira.

Mama alivuta vitenge vyake vyote kutoka ukutani, akavikamua, akavianika kwenye kamba ya nyuma, kule ambako mukwe haendi. Jioni mume wangu akakohoa, mama akatoka, mume wangu akaingia bafu kuangalia boila yake. Akafungua robine, mulango ukiwa wazi. Ikawaka. Akakunja mikono, akaiacha iende. Mvuke ukajaa, maji yakaendelea, boila haikutikisika.

"Iko muzima," akaniambia.

"Iko muzima kwako. Kwa mama inazimika."

"Labda anafungua robine nusu. Umuambie afungue yote."

Niliupeleka ujumbe. Mama akaweka chini kisu alichokuwa anakatia majani. "Ambia bwana yako nilifungua robine yeye bado hajazaliwa."

Basi, ikawa hivyo. Asubuhi mama anakanda, boila inazimika. Jioni mume wangu anapima, inawaka. Alibadilisha betri. Akabadilisha chupa ya gazi. Akabadilisha detanderi, kile kichwa kinachopunguza nguvu ya gazi. Akainua tanki ya maji juu ya matofali zaidi ili maji yashuke na nguvu, kazi iliyomuchukua pumziko lake lote la juma. Kila mara anapima, inawaka vizuri, ananiangalia na macho ya muntu anayetaka sifa. Kila mara mama anaingia na beseni lake, na katikati ya mugongo wangu, tak.

Ningekuwa na uwezo wa kusimama mule bafu na wote wawili pamoja, ningefurahi. Lakini pale mama anapokuwa, mume hawezi kuingia, na pale mume anapokuwa, mama ameshakimbilia nyuma ya nyumba. Nilikuwa napeleka maneno ya robine, ya betri, ya gazi, kutoka mulango mumoja mpaka mwingine, mutoto mukononi. Hakuna aliyeniuliza habari ya vitenge, na minye nilikuwa sivioni tena vile vitenge, kama vile usivyoona nguo uliyovaa.

Mama aliomba. Mama yangu ni muntu wa maombi, kule Kakanda anaongoza wamama wa kanisa lake, na hakuzoea kushindwa na sanduku la bati. Aliweka mukono juu ya boila, akafumba macho. "Wewe roho ya kuzimisha, nakukemea! Achia nyumba hii! Achia maji ya mutoto wangu!" Akafungua robine. Tak-tak-tak, moto. "Amina!" Akanikanda kwa nguvu ya ushindi. Alipofika kwenye viuno, ikazimika. Nilicheka mpaka nyuzi nilizoshonwa zikaniuma, nikashika ukuta, nikaendelea kucheka.

Mama hakucheka. Aliketi kwenye ukingo wa beseni, na nilipomuangalia vizuri niliona anakaribia kulia.

"Bwana yako hanitake humu," alisema. "Anajua namna ya kuifanya izimike. Akiingia yeye inawaka, nikiingia minye inakufa. Weye hauoni?"

"Mama, acha."

"Nitarudia Kakanda. Akukande yeye."

Na mume wangu naye, usiku tukiwa wawili, alinong'ona kwamba mama labda anaipiga, labda anaimwagia maji, wazee hawapendi vitu vya kisasa. Nilimupa mugongo. Nilikuwa nimechoka kuwa mulango ambao kila muntu anaupigia hodi. Na mutoto alikuwa bado mudogo vile vile, uzito haupandi, kwa sababu ya maji ya haraka haraka, mara moto mara baridi, na minye moyo wangu haukutulia hata nikilala. Nilikuwa naamka, namugusa, nalala, naamka.

Siku ya mapumziko yake mume wangu alifungua boila kabisa. Alitoa kifuniko, akaketi mbele yake kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaangalia muda murefu. Kiisha akaniita, furaha mu sauti.

"Njo hii, ndiyo hii yenyewe." Alinionyesha kijiti kidogo cha chuma pembeni ya moto, na nyaya mbili. "Hii ni sonde. Ikiona moto hauwaki vizuri inakata gazi. Lakini inadanganya. Moto ni muzuri, nimeuangalia minye mwenyewe, siku zote muzuri. Sonde njo mugonjwa."

"Kwa hiyo?"

"Nitaitia direct. Ku usine tunafanyaka vile. Sonde ikisimamisha mashini bure, tunaunganisha nyaya, kazi inaendelea, tunangojea ingine ifike." Alisokota nyaya mbili pamoja, akazifunga na utepe mweusi, akarudisha kifuniko. "Sasa haitazima tena hata ikitaka. Ambia mama akande bila wasiwasi."

Nikaenda nyuma ya nyumba nikamuambia mama akande bila wasiwasi. Mama akasema, "Bon. Tutaona."

Kesho yake mume wangu alikuwa wa zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi alikuwepo, kwenye uwanja wa mbele, anatengeneza kiti. Upepo wa vumbi ulikuwa mukali. Mama alisokomeza vitenge kwa nguvu zaidi ya siku zote, hata kipande kwenye tundu la ufunguo. Akafungua robine. Tak-tak-tak.

Haikuzimika.

Jamani, raha ya siku ile! Maji yalikuja na kuja. Mama alinikanda tumbo, mugongo, viuno, akarudia toka mwanzo kwa sababu maji yalikuwepo. Alianza kuimba, wimbo wa kanisani, na minye nilisikia hasira zote za yale majuma zinanitoka. Alijaza beseni, akamuweka mutoto ndani. Siku zote mutoto akiguswa na maji alilia mpaka majirani wanauliza. Siku hiyo alinyamaza.

"Unamuona?" mama alisema. "Anafurahi. Njo maji ya kweli alikuwa anangojea."

Kichwa kilikuwa kinanigonga. Nilisema ni joto. Miguu ilikuwa mizito, nikasema ni kukandwa. Nilikuwa nimeketi kwenye sakafu, mugongo kwenye ukuta, na niliona kwamba sitaki kusimama. Hapo ndipo nilipoogopa. Minye, sitaki kusimama? Minye ambaye hakuna aliyewahi kunikalisha? Niliangalia beseni. Kichwa cha binti yangu kiliegemea mukono wa mama, kimelala upande, mudomo wazi, na hakuwa amelala. Mama alikuwa bado anaimba, lakini maneno yalikuwa yamekwisha, ilibaki sauti tu, na mukono wake mwingine ulikuwa unatafuta ukuta.

Nilimuita mume wangu. Nilidhani napiga kelele. Baadaye aliniambia ilikuwa sauti ya muntu anayesemea ndani ya ndoo. Lakini alisikia. Alikimbia, nilisikia viatu vyake mu korido. Akafika mulangoni.

Akakohoa.

Mungu wangu, alikohoa! "Mama iko mule?" akauliza.

"Ingia!"

"Amevaa? Umuambie avae kwanza, minye naingia."

Nilisikia miguu yake ikicheza pale inje, muntu anayetaka kupita na hawezi. Alisimama mulangoni, na binti yangu anatuponyoka ndani. Nilitaka kumutukana, ulimi haukunyanyuka. Nilijivuta kwa magoti, nikauvuta mulango, kitenge kilichobanwa chini kikaukamata.

Na hapo mama, amepiga magoti, kitenge kiunoni tu, kifua wazi, alisema. Hakuniambia minye nimuambie. Alisema naye.

"Baba, ingia. Ingia, mutoto anakufa."

Aliupiga mulango kwa bega mpaka ukafunguka. Alichukua mutoto kwanza, akatoka naye mbio. Minye nilitambaa nyuma yake mpaka kwenye baraza. Kiisha akarudi ndani, akamushika mama yangu chini ya mikono, akamukumbata kifua kwa kifua, akamukokota korido nzima mpaka uwanjani, mbele ya barabara, jua likimuangaza mama jinsi alivyo. Ule upepo tulioukimbia majuma yote ulitupiga wote wanne. Mume wangu alimusugua mutoto mugongo, akimuita jina analomuitia yeye peke yake. Mutoto akatapika kidogo, akakunja uso, akalia. Kilio chembamba, cha hasira. Nikakaa kwenye mavumbi na kushukuru.

Ku dispensere walimuwekea mutoto hewa kwenye pua, na minye na mama tukalazwa kwenye vitanda viwili, mume wangu amesimama katikati. Muuguzi aliuliza kama tulikuwa na mbabula ndani. Tukasema hapana, wote watatu kwa pamoja. Akauliza tena, kwa ukali.

"Iko boila ya gazi," mume wangu akasema polepole. "Lakini bafu iko na klostra. Hewa inapita."

"Niliziba," mama akasema.

Mume wangu akageuka. Alimuangalia mama yangu usoni, ndani ya macho, mara ya kwanza tangu anioe.

"Mama, unazibaka klostra?"

"Kila siku. Juu ya upepo. Kiisha natoa." Mama naye alikuwa anamuangalia. "Na weye, ulifanya nini isizime?"

"Nilitia direct. Nilikata ile inayozimisha."

Nilikuwa nasubiri mumoja aseme ambia mama, ambia bwana yako, ili nimurukie. Hakuna aliyesema. Nikawarukia vile vile. Niliwaambia lile sanduku lilikuwa na akili kutushinda sisi watatu. Kila asubuhi lilisikia hewa imekwisha, likatukataza, likakata moto wake lenyewe, na sisi tukalikemea, tukalibadilishia betri, tukalifunga mudomo na utepe mweusi. Niliwaambia munanipenda, ndiyo, najua, na kwa upendo wenu mungenizika na mutoto wangu asubuhi hii. Muuguzi aliniambia nishushe sauti, kuna wagonjwa. Sikushusha.

Tuliporudi nyumbani, mume wangu alitoa boila ukutani siku hiyo hiyo. Maji yakarudi kuchemshwa uani.

Habari ya mambo kama haya haikai. Tantine, dada ya baba yangu marehemu, alifika kutoka upande wa mujini na kitenge kizuri na uso wa kesi. Alikaa kwenye chumba cha mbele, akakataa chai. Mukwe ameona mwili wa mama-mukwe, alisema. Amemushika, amemubeba mbele ya barabara. Bukwe imevunjika. Alete mbuzi na kitenge, vinginevyo laana itabaki mu nyumba. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa tayari, nilimuona, alikuwa anawaza mbuzi anaweza kupatikana wapi.

Mama alikuwa jikoni. Hakuzunguka nyuma ya nyumba. Alipita korido, akaingia chumba cha mbele, akavuta kiti, akakaa akimuelekea mukwe wake.

"Mbuzi ya nini?" akamuuliza wifi yake. "Juu alinishika? Njo mikono yake ilinitoa mule. Kama haingenishika mungekuwa hapa munalia matanga yangu."

"Lakini desturi, mama..." Tantine akaanza.

"Desturi! Bila hii desturi, huyu mukwe wangu angeingia bafu siku ya kwanza kabisa. Angeona vitenge vyangu mu matundu, angeniambia toa, ningetoa, na mambo ingeishia pale. Tuliheshimiana mpaka karibu tuue mujukuu." Akavuta kiti karibu na meza. "Mbuzi haiko. Leteni chakula."

Nilisimama kabla muntu hajanizuia. Nilileta bukari, ugali wetu, na samaki, nikatafuta sahani ya pili. Mama akasema moja inatosha. Tantine aligeuzia uso dirishani. Mume wangu aliniangalia, akitafuta neno kutoka kwangu, neno la kupelekewa, sikuwa nalo. Mama alinawa, akamega bukari, akasukuma sahani mpaka katikati ya meza. Alingojea. Mume wangu akanawa, akanyoosha mukono, akachovya mahali pale pale mama alipochovya. Walikula haraka, macho chini.

Minye niliwaacha. Niliingia chumbani, nikaweka kidole chini ya pua ya binti yangu. Nilisikia pumzi, kidogo, ya moto. Nikarudi mezani, nikakaa, nikamega bukari. Kiisha nikasimama tena.